Baiskeli ya Kulala ya Mama Yona

Ukitaka kuchelewa Mwandiga, salimia watu. Usiposalimia utawahi, lakini huko uendako utakuta habari zako zimetangulia kufika. Yunisi, ambaye tangu amzae kifungua mimba wake watu humwita Mama Yona, alikuwa amechagua kuchelewa kwa miaka hamsini na saba ya maisha yake, na hakuona ubaya wowote mpaka nyonga yake ya kulia ilipoanza kumgomea.

Kazi yake ilikuwa ile ya kujitolea, ambayo kila mtu huisifu na hakuna anayeiomba. Zahanati ilimkabidhi wagonjwa wa kifua kikuu wa vitongoji vya juu, kule unakoiacha lami ukapanda katikati ya michikichi mpaka ziwa lionekane nyuma yako. Kila asubuhi alitakiwa kufika nyumbani kwa mgonjwa, kumpa vidonge, na kumwona kwa macho yake mwenyewe akivimeza. Kuviacha mezani haikuruhusiwa, wala kumpa mtu wa nyumbani ampe baadaye. Akishaona, anaweka alama kwenye kadi na kushuka. Mwaka huu wagonjwa wengine walikuwa wamemaliza dozi, akabaki mmoja tu, Mzee Adolf, na kwa bahati ya Mama Yona huyo mmoja ndiye aliyekaa juu kuliko wote.

Mzee Adolf alikuwa na miaka sabini na sita. Zamani alikuwa mnyapara wa genge la kutengeneza reli, na alipostaafu aliondoka na unyapara wake wote. Mara ya kwanza alipougua, vidonge alikabidhiwa mkwewe, Merina, mke wa mwanawe. Hapo zahanati ilikosea, maana ni mkwe gani wa huku kwetu atamwambia baba mkwe afunue kinywa amtazame ulimi? Merina alikuwa akimpa vidonge na kugeuka pembeni kwa heshima, na mzee alikuwa akivitemea migombani kwa raha zake. Kadi ikajaa alama. Ugonjwa nao ukarudi, na safari hii ulimkondesha mpaka suruali ikawa inashikwa na kamba, na kikohozi chake kikawa kinasikika kisimani, kwa wanawake waliokwenda kuteka maji.

Sista Recho, muuguzi wa zahanati, alimwanzishia dawa upya na kumweleza bila kumung'unya maneno. Akizitema tena, ugonjwa utazizoea, na hapo hatatibiwa Mwandiga wala Kigoma, na huenda hatatibika kabisa. Akamuuliza anataka nani amsimamie.

"Mama Yona," mzee akajibu. "Yule anajua kusalimia."

Ikawa sharti. Mama Yona naye alikubali kwa sababu yake mwenyewe, ambayo hakumwambia Recho. Mumewe, Onesmo, alikufa kwa ugonjwa huo huo. Katika mwezi wa nne wa dawa alijisikia mzima, akamuuliza mkewe kama kuna haja ya kuendelea kujaza tumbo kemikali, na mkewe, aliyekuwa amechoka kumwona akitapika kila asubuhi, alimwambia apumzike kidogo. Alipumzika. Ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita, na Mama Yona hakuwa na siku moja tangu hapo ambayo hakulikumbuka neno lake hilo. Basi huyu Adolf alitaka amalize. Hakuwa akidai kingine duniani.

Nyonga ndiyo haikuelewa. Miezi ya mwanzo alipanda kwa baiskeli ya kawaida, kisha kwa miguu na fimbo. Mwishowe daktari wa mjini akamtazama kwenye picha na kumwambia kwamba kiti cha baiskeli kimekwisha kwake, na milima kwa miguu imekwisha pia. Alimwambia kwa upole, kama vile anampa habari ya mtu mwingine. Mama Yona alirudi nyumbani akiwa amechoka mwili na roho, akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

Mdogo wake, Skolastika, ndiye aliyemletea dawa isiyo ya hospitali. Skolastika alikuwa akifua mashuka kwenye nyumba ya wageni kule Kigoma mjini, karibu na ziwa. Wazungu wawili waliokuwa wakizunguka ziwa walifikia hapo, mmoja akaugua malaria, wakaamua kurudi kwao kwa ndege na kuviacha vyombo vyao. Kimojawapo kilikuwa baiskeli ya kulala. Ilikuwa na magurudumu matatu, mawili nyuma na moja mbele, na badala ya kiti cha kukalia juu ilikuwa na kiti chenye mgongo, cha kuegemea, kilichokaa chini karibu na ardhi. Mwendeshaji anajilaza, miguu inatangulia mbele kwenye pedeli, na usukani unasimama katikati ya mapaja. Ilikuwa na gia nyingi kiasi kwamba mtu aweza kupanda ukuta, almradi ana subira.

Siku ilipopita mara ya kwanza stendi ya Mwandiga ikiwa juu ya mkokoteni, watu waliacha biashara zao. Mmoja akasema Mama Yona ameamua kujizoeza kubebwa miguu mbele kabla siku yake haijafika. Mama Yona alicheka nao, maana mzaha ulikuwa mzuri, kisha akaipeleka kwa Feliksi fundi.

Feliksi alikuwa na kibanda chake kando ya stendi, mtu wa miaka arobaini, mzaliwa wa Katubuka, ambaye baba yake alivuka ziwa kutoka Kongo na kuoa huku. Aliizunguka baiskeli mara tatu bila kuigusa. Halafu akaanza kazi. Yule mzungu alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, hivyo Feliksi alilirudisha ndani bomba la mbele lenye pedeli, akapunguza mnyororo, akasimamisha mgongo wa kiti kidogo. Ilimchukua asubuhi nzima. Mwishowe akaja kwenye usukani.

"Mama Yona, jilaze vizuri," alisema. "Funga macho. Nyosha mikono mbele, sasa iachie ishuke yenyewe. Usiiongoze."

Mikono ilishuka ikatua hewani karibu na tumbo, juu kidogo ya magoti, viwiko vikigusa mbavu. Feliksi akapima kwa kamba.

"Hapa ilipotua ndipo usukani unapotakiwa. Ukiwa juu, mabega yanachoka na vidole vinakufa ganzi. Ukiwa mbali unavutwa mgongo. Ukiwa chini mno, magoti yanaugonga kila ukikanyaga. Hapa hapa."

"Na kuinuka nitashika nini?"

"Kuinuka kwenda wapi? Si unakwenda kwa mzee? Ukifika utajitafutia namna."

Mama Yona alifumbua macho. "Feliksi mwanangu, kati yangu na yule mzee kuna watu kumi na mmoja."

Hapa inabidi tumsamehe Feliksi, maana watu wa Katubuka wanaweza kusalimiana kupitia dirishani na siku ikaenda. Huku juu mambo ni mengine. Mwanamke akimkuta aliyemzidi umri anashuka chombo chochote alichopanda, anakunja goti, anapiga makofi polepole, anauliza wamelalaje, watoto wamelalaje, mihogo imekaaje na ile mvua, na anayeulizwa hujibu yote hayo kwa utulivu, kisha naye anauliza. Kumsalimia mzee huku umelala, tena nyayo zako zimemwelekea usoni, ni jambo ambalo hata halikuwa na jina, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kulifanya.

"Uweke juu," alisema Mama Yona. "Juu sana. Niweze kuushika nijivute kama mgonjwa anavyoshika ukingo wa kitanda."

Feliksi alimwambia usukani si ngazi. Alimwambia gurudumu litageuka kila atakapojivuta. Alimwambia nyaya za breki hazitafika. Akaambiwa aziunge. Mwisho akachukua kipande cha bomba la maji, akakichomeka kwenye shina la usukani, akakaza kwa boli mbili, na usukani ukapanda mpaka ukawa sawa na kidevu cha mama wa watu. Fundi aliitazama kazi yake kwa huzuni.

Hivyo ndivyo alivyopanda mlima kwa wiki tano. Mikono juu, kama mtu anayeombewa. Alikuwa akiondoka saa moja asubuhi, na kila baada ya hatua mia mbili anakutana na mtu wa kusalimiwa. Anakaza breki, anashika usukani, anajivuta, gurudumu linageuka, anajivuta tena, anasimama, anakunja goti lile moja linalokubali kukunjwa, anapiga makofi, anauliza habari za mihogo. Kisha kazi ya kujirudisha kitini. Mara kumi na moja kupanda, na kushuka ni mara kumi na moja nyingine, kwa sababu salamu za asubuhi hazilipii za mchana.

Akifika kwa Mzee Adolf ni saa sita imekaribia. Vidonge vilitakiwa kumezwa asubuhi, kabla ya chakula, na mzee alikuwa akimngoja na njaa yake mlangoni, ameegemea mwimo, akikohoa na kununa. Baadhi ya siku hakungoja. Alikula ugali wake wa muhogo, na dawa ikaja juu ya ugali, ikamchafua tumbo, akasema kesho hamezi. Mama Yona alimbembeleza. Alimsalimia upya. Aliona anabembeleza kwa mikono isiyo na hisia, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi tangu njiani, na ilibidi avikung'ute mara kadhaa ndipo viweze kufungua kikopo.

Jioni mabega yalikuwa yakiwaka. Alijikanda mawese ya moto, akalala chali, na hata hapo mikono ilitaka kupanda yenyewe. Alimwambia Skolastika kwenye simu kwamba amechoka mpaka uchovu wenyewe umechoka naye. Skolastika akamshauri aache. Hakuacha, na wala hakuwa na nguvu ya kueleza kwa nini.

Kisha bomba likafanya lile Feliksi alilosema litafanya. Ilikuwa wakati wa kushuka, kwenye kona ya chini ya kisima, usukani ukaanza kutetemeka. Aliubana, ukazidi. Boli moja ikalegea, usukani wote ukadondoka magotini mwake, na baiskeli ikachagua njia yake yenyewe mpaka kwenye mfereji uliojaa maganda ya muhogo. Alitua kwa bega. Watu walikuja mbio, na kwa kuwa ni watu wa Mwandiga, wakaanza na salamu. Akazijibu zote akiwa mle mferejini.

Bega halikuvunjika, ila alilazwa nyumbani siku tatu. Zahanati ikamtuma Wilfred, kijana mzuri mwenye pikipiki, aliyefika kwa Mzee Adolf kwa dakika kumi, akazima mashine na kusema, "Mambo vipi, mzee wangu?" Mzee Adolf alifunga kinywa chake na hakukifungua mpaka pikipiki ilipoondoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu Wilfred alisema shikamoo, kwa sababu alikuwa ameelekezwa, lakini aliisema akiwa juu ya pikipiki.

Jioni ya siku ya tatu Sista Recho alikuja mwenyewe nyumbani kwa Mama Yona, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Siku tatu si mwisho wa dunia," alisema. "Tutaziongeza huko mbele. Lakini yule baba akizoea kukaa bila dawa, tumempoteza, na wewe unajua kuliko mimi. Kesho unaweza?"

Mama Yona alisema anaweza. Recho alipoondoka alijaribu kuinua mkono wa kulia mpaka usawa wa kidevu, pale usukani ulipokaa. Haukufika. Alijaribu mara ya pili akiwa anauma meno, haukufika. Alikaa akiutazama mkono ule uliolala mapajani, karibu na tumbo, mahali ambapo Feliksi alipapima kwa kamba. Aliona hasira, na hakujua amkasirikie nani: fundi aliyekuwa sahihi, wazee wa watu, au yeye mwenyewe aliyetengeneza chombo cha kusimamia wakati alihitaji chombo cha kufikia.

Kulipokucha alikuwa kibandani kwa Feliksi kabla hajafungua.

"Toa hilo bomba," alisema. "Liweke ulipotaka."

Feliksi, na hili tumpe sifa yake, hakusema "nilikwambia". Aling'oa bomba, akarudisha shina la usukani mahali pake, akakata nyaya alizoziunga. Alimlaza tena, akamwambia afumbe macho na kuachia mikono. Bega lile bovu lilishuka chini zaidi ya lingine, kwa hiyo akapindisha usukani kidogo kwa upande wa kulia ili kila mkono upate mahali pake. Akazungusha pedeli kwa mkono wake kuangalia kama magoti yanapita. La kulia lilipita chupuchupu. Akainua usukani kwa unene wa kidole kimoja, akakaza, akazungusha tena, likapita vizuri.

"Sasa geuza kushoto. Kulia. Usitumie bega, tumia kifundo cha mkono."

Gurudumu lilitii. Mama Yona alikuwa ameshika usukani kama mtu aliyeshika bakuli la uji, na hapakuwa na sehemu ya mwili wake iliyokuwa ikivutana na nyingine. Alikuwa amesahau hali hiyo. Karibu alie, na alikasirika kwa kutaka kulia mbele ya fundi.

"Tatizo ni moja," alisema Feliksi. "Kuinuka peke yako huwezi. Hakuna pa kujivutia."

"Najua."

Alipanda. Mtu wa kwanza njiani alikuwa Bibi Stephania, aliyekuwa akianika muhogo juu ya jiwe kubwa kando ya barabara kama afanyavyo kila siku ya jua, mwanamke aliyemfunda Mama Yona siku zake za kuolewa. Mama Yona alipunguza mwendo. Hakusimama, maana kusimama bila kuinuka kungekuwa kubaya zaidi. "Shikamoo, mama. Nisamehe, nyonga," alisema, nyayo zikiwa mbele, na akapita. Stephania alinyoosha mgongo, akamtazama akienda, na hakuitikia.

Iliuma. Iliuma kuliko nyonga na bega kwa pamoja. Alikuwa hajanyimwa marahaba tangu awe msichana, na sasa alinyimwa na mtu aliyemfundisha namna ya kuiomba. Wa pili aliitikia nusu. Wa tatu alicheka kwa aibu kama mtu aliyeona asichopaswa kuona. Kufikia kisimani neno lilikuwa limeshapanda mlima kwa simu, kwamba Mama Yona siku hizi anaamkia watu kwa nyayo. Alisikia mwanamke mmoja akilisema nyuma ya mti, akafanya kama hakusikia. Alikanyaga pedeli. Alikuwa na gia ndogo kuliko zote na roho ndogo kuliko gia, na alikuwa akijiambia kwamba ikiwa mambo haya yamemfikia Mzee Adolf kabla yake, basi amepanda bure.

Alifika saa tatu kasoro. Hakuwahi kufika mapema kiasi kile tangu aanze.

Mzee Adolf alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, fimbo katikati ya magoti. Mama Yona aliingiza baiskeli uani, akakaza breki. Nyayo zake zilikuwa zimemwelekea mzee moja kwa moja, soli za raba zenye udongo mwekundu. Alijaribu kuinuka, kwa heshima tu ya kujaribu, akashindwa, akarudi nyuma kitini.

"Shikamoo, baba," alisema. "Mmelalaje? Naomba radhi. Leo siwezi kushuka."

Mzee alizitazama nyayo. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama yeye, bega lililofungwa kanga, uso uliochakaa. Alishika fimbo yake, akainuka, akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Basi, Mama Yona aliwaza. Imekwisha. Alifikiri kumwita, lakini hakuna mwanamke anayemwita mzee kutoka nje akiwa amelala. Alifikiri kugeuza na kushuka, na mbele ya macho yake akaona ile kadi na Recho akiishika. Sheria ilisema kuona. Angekaa hapo mpaka mlango ufunguke, hata ikiwa ni jioni. Akaegemeza kichwa, akaweka mikono tumboni juu ya usukani, mahali ilipojiangukia yenyewe. Jua halikuwa kali bado. Alifumba macho apumzishe tu uso, na wiki tano za mabega yanayowaka na siku tatu za maumivu zikamkalia zote kwa pamoja, na Mama Yona akalala usingizi uani kwa watu, kama mtoto.

Alipofumbua macho kulikuwa na mtu amesimama upande wa jua, kivuli chake kikimfunika usoni. Alikuwa Mzee Adolf. Alikuwa amevaa shati la kola lililopigwa pasi, lile la kanisani, na mkononi ameshika kikombe cha maji. Fimbo haikuwepo.

Mama Yona alishtuka, akataka kuinuka.

"Kaa," alisema mzee. "Mgonjwa hainuki kusalimia. Anayekuja kumwona ndiye anayemsalimia. Pole, Mama Yona. Bega linaendeleaje?"

"Linaendelea, baba. Lakini mgonjwa ni wewe."

"Aliyelala ni nani na aliyesimama ni nani?"

Mama Yona aligeuza kichwa. Alitazama ua. Alipofika, kivuli cha banda la jiko kilikuwa kimefika kwenye kinu. Sasa kinu kilikuwa juani chote, na kivuli kimerudi karibu na ukuta.

"Umesimama hapo tangu lini, baba?"

"Nilivaa shati, nikatoka. Kivuli kilikuwa bado hapo kwenye kinu."

Mwezi mmoja uliopita mtu huyu hakuweza kutoka mlangoni mpaka kigodani bila kushika mwimo. Mama Yona alianza kuhesabu muda, akauacha, kwa sababu kulikuwa na jambo kubwa kuliko muda.

"Usingizi wangu ni mwepesi," alisema polepole. "Ungekohoa ningeamka."

"Sijakohoa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku ya juma. Mama Yona alifurahi, furaha iliyomwingia mpaka kwenye vidole, na papo hapo akaogopa, kwa sababu alijua vizuri mtu asiyekohoa huanza kuwaza nini kuhusu vidonge. Bado kulikuwa na miezi mitatu na siku tatu. Alishika kikopo bila kukifungua, akitafuta maneno ya kumwambia, na hayakuja. Alikuwa amechoka mno kuweza kumbembeleza mtu tena.

Mzee Adolf alinyoosha kiganja.

"Lete basi," alisema. "Unadhani nimesimama juani muda wote huu nikingoja nini?"

Vidole havikuwa na ganzi leo, kikopo kilifunguka mara moja. Mzee aliweka vidonge ulimini, akanywa maji yote ya kikombe, akafuta midomo kwa nyuma ya mkono. Kisha, bila kuambiwa, aliinama kidogo kumwelekea, akafunua kinywa. Siku zote Mama Yona alikuwa akichungulia akiwa amesimama, kwa haraka na aibu, akiamini zaidi ya alivyoona. Leo kutoka pale chini aliona kila kitu: ulimi, chini ya ulimi, mashavu, meno matano yaliyobaki. Hapakuwa na kidonge.